Nani Alikaa Kwenye Dawati: Shule Ndogo za Mji wa Tanga Tangu 1892



Kila mwaka Baraza la Mitihani linapotoa matokeo ya darasa la saba, simu za wanachama wetu hujaa maneno. Mmoja hutuma majedwali, wa pili huuliza shule aliyosoma yeye imeshika nafasi gani, wa tatu huandika kwamba elimu ya Tanga imekufa. Mwaka huu maneno hayo yalifika hadi kikaoni. Wapo waliopendekeza kwamba fedha tunazochanga ziende kwenye shule zinazofaulisha tu, na kwamba shule ndogo za serikali za katikati ya mji, zile za Ngamiani, Chumbageni na kata jirani, ziachwe zijifie zenyewe au ziunganishwe. Kamati haikukubali. Tumetakiwa tuandike humu kwa nini, na tumeona njia iliyo nyoofu ni kusimulia historia ya shule za mji wetu kwa kuuliza swali ambalo majedwali hayaulizi: nani alikuwa ameketi darasani?

Tuanze na Wajerumani, kwa sababu wazee wetu hupenda kuanzia hapo, na wana haki. Shule ya kwanza ya serikali katika nchi hii ilifunguliwa Tanga mwaka 1892, gavana akiwa Julius von Soden. Ilikuwa shule isiyofundisha dini, na lugha yake ilikuwa Kiswahili. Jambo hilo liliwaudhi watu wa pande mbili. Wamisionari walilalamika kwamba serikali inaujenga Uislamu kwa fedha za Wakristo. Wazee wa mjini, kwa upande wao, waliona mtoto mwenye chuo chake na mwalimu wake wa Kurani hana haja ya shule ya kizungu, na walihofu mwisho wake angebatizwa. Tusisahau kwamba watu wa pwani hawakuwa wakingoja Mjerumani awafundishe kuandika. Kiswahili kilikuwa kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla bendera yake haijapandishwa bomani. Shule ilichokileta ni herufi za Kirumi, hesabu za ofisini, na kazi ya mshahara.

Kwa hiyo waliokwenda ni wale ambao serikali ilikuwa na mkono juu yao, au waliokuwa na sababu ya kuisogelea: watoto wa majumbe na maakida, watoto wa watu wa boma, na vijana waliotolewa bara wakaletwa kukaa shuleni. Wasichana hawakuhesabiwa. Kutoka katika kundi hilo dogo lililochujwa, Tanga ilipata sifa nchi nzima. Shule ilikuwa na karakana na mtambo wa kupiga chapa. Ndiko gazeti la Kiongozi lilikochapwa kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20 hadi zama za Vita Kuu ya Kwanza, likiandikiwa na walimu na makarani waliotawanyika kila wilaya. Ilikuwa na bendi ya tarumbeta, na wanaojua historia ya beni watakuambia vijana wa shule walivyochangia ngoma hiyo. Waingereza walipoichukua nchi, ripoti zao za mwanzo zilikiri, kwa kinyongo kidogo, kwamba Mjerumani aliwaachia kitu cha thamani: ofisa aliweza kumwandikia akida barua kwa Kiswahili na kujibiwa.

Sifa hiyo tunaipenda. Lakini angalia hesabu yake. Kufikia 1914 shule za serikali katika koloni zima zilikuwa takriban 100, na wanafunzi wake kama 6,000, huku shule za misheni zikiwa na zaidi ya 150,000. Elfu sita, katika nchi yenye mamilioni ya watu. Shule ya Tanga ilitoa makarani hodari kwa sababu ilikuwa na walimu na vifaa, ni kweli, na pia kwa sababu haikuwahi kumpokea mtoto ambaye hakuna aliyemtaka awe karani. Mtoto wa mvuvi aliyeshinda baharini na baba yake hakuishusha wastani wa shule ile. Hakuwemo.

Vita vilipigwa mjini mwetu Novemba 1914, na Waingereza wakaingia Tanga 1916. Makarani waliosoma zama za Mjerumani na wale waliosoma misheni wakajikuta ofisi moja, chini ya bwana mpya. Mwaka 1922, hapa hapa Tanga, Martin Kayamba, aliyesomea Kiungani, Unguja, na wenzake wakaunda chama cha watumishi Waafrika wa serikali, kikiwakusanya Waislamu na Wakristo pamoja. Tunalitaja hilo kwa sababu vyama kama hiki chetu vina babu, na babu yao alizaliwa Tanga. Miaka hiyo hiyo Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Machui, alikuwa Dar es Salaam akisoma, 1922 hadi 1926. Mtu ambaye leo kila shule ya nchi hii inamsoma, masomo yake aliyafuata nje ya mkoa wake.

Waingereza waliligawa dawati kwa rangi. Palikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, na fedha ziligawanywa kwa mpangilio huo huo: mtoto wa Kizungu alitumiwa fungu kubwa kuliko wote, wa Kihindi akafuata, wa Kiafrika akapata makombo. Katikati ya mji, karibu na maduka, zilisimama shule imara za mawe zilizojengwa na jumuiya za Kihindi kwa ajili ya watoto wao. Upande wa Ngamiani watoto wa Kiafrika walisongamana katika shule chache, na mtihani wa darasa la 4 uliwakata wengi kabla hawajaota ndevu. Nje ya mji, kwenye mashamba ya katani, waliishi manamba waliotoka Kigoma, Unyamwezi, Umakonde na hata ng'ambo ya mpaka. Watoto wao shule waliisikia tu. Tukisema leo kwamba shule za mjini zamani zilikuwa na nidhamu na ufaulu, tuseme pia kwamba zilikuwa na mlango mwembamba mara tatu: wa rangi, wa ada na wa mtihani.

Kuanzia Januari 1962 mgawanyo wa rangi uliondolewa kisheria. Sheria ya Elimu ya 1969 ikaziweka mikononi mwa serikali shule za madhehebu na jumuiya zilizokuwa zikipata ruzuku. Kisha ikaja Aprili 1971, serikali ilipoyataifisha majumba ya kupangisha, na hapa wakazi wa barabara za mjini wanakumbuka zaidi kuliko vitabu. Familia nyingi za Kihindi ziliondoka, nyingine Dar es Salaam, nyingine Uingereza na Kanada. Nyumba zao zikaingia kwa Msajili wa Majumba na wapangaji wapya wakahamia: makarani wa bandari na reli, walimu, askari, wafanyakazi wa viwandani. Katika muda wa miaka michache shule ile ile, yenye kengele ile ile, ikawa na watoto wengine kabisa. Wengi wetu tunaoandika na kusoma kijitabu hiki ni matunda ya badiliko hilo. Tulikaa kwenye madawati ambayo baba zetu hawakuruhusiwa kuyagusa.

Nao wafanyakazi wale walikuwa na mshahara. Hilo tunalisahau haraka tunapowasifu walimu wetu wa miaka ya 1970. Katani, ambayo mbegu zake zililetwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ilifikia kilele 1964, nchi ilipozalisha zaidi ya tani 200,000. Na ingawa bei ilianza kuanguka mapema, mji uliendelea kuishi kwa bandari, reli na viwanda. Mtoto alikwenda shule amekunywa chai na amevaa viatu, akirudi jioni anamkuta mzazi ambaye kazi imekwisha saa tisa na nusu. Anapelekwa chuoni, anarudi, anafanya hesabu kwenye taa. Mwalimu alikuwa hodari, naam, lakini hakufanya kazi peke yake.

Azimio la Musoma la 1974 liliamuru kila mtoto aandikishwe shule ifikapo 1977. Wanafunzi wa shule za msingi nchini walikuwa kama milioni 1.2 mwaka 1974. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walizidi milioni 3. Walimu walitafutwa miongoni mwa waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa wakiwa kazini, na wananchi wakawabatiza jina la “walimu wa UPE,” mara nyingi kwa dhihaka wasiyoistahili. Huo ndio mwaka ambao swali la “viwango vimeshuka” lilianza kuulizwa barazani, na hadi leo halijaacha kuulizwa. Viwango vya nani? Mtoto wa manamba, mtoto wa mchuuzi wa samaki na mtoto wa kike wa nyumba ambayo haijawahi kusomesha binti walikuwa wameingia darasani kwa mara ya kwanza. Wastani ulishuka, na idadi ya watu wa Tanga waliojua kusoma ilipanda. Mambo hayo mawili yalitokea pamoja, na anayetaja la kwanza bila la pili anahesabu nusu ya mali.

Miaka ya 1980 ilikuwa ya njaa na foleni, tutaipita. Miaka 20 baada ya kilele chake, katani haikufikia hata robo ya ule uzalishaji wa 1964. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kiwanda cha mbolea kilikuwa kimefungwa, na vingine vikafuata au vikadhoofika. Wazazi waliokuwa na hundi ya kila mwezi wakageuka wachuuzi wa Mgandini, wapakuzi wa samaki Deep Sea, mamantilie, na baadaye bodaboda. Katika muongo huo huo serikali ikaruhusu shule binafsi za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza. Mwenye uwezo, hata wa kubanabana, alimhamisha mwanawe. Hatumlaumu, baadhi yetu tumefanya hivyo. Lakini tuseme kilichotokea: kwa mara ya kwanza tangu uhuru, mlango ulianza kuwa miwili tena, na shule ndogo ya serikali ya mjini ikabaki na yule ambaye mzazi wake hakuweza kumtoa.

Ada ya shule ya msingi ilifutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, na wanafunzi nchini wakatoka chini ya milioni 5 mwaka 2001 hadi zaidi ya milioni 7.5 mwaka 2005. Shule za kata zikafuata, na walimu waliopata mafunzo ya wiki chache wakaitwa “vodafasta.” Matokeo yakawa ya kupanda na kushuka kama mawimbi ya kusi: mwaka 2006 watahiniwa wapatao 70 katika kila 100 walifaulu darasa la saba, mwaka 2012 wakawa kama 31. Katika kidato cha nne mwaka huo huo wa 2012, takriban watahiniwa 6 katika kila 10 walipata sifuri, nchi ikashtuka, na matokeo yakapangwa upya. Hakuna mtoto wa Tanga aliyekuwa na akili mara mbili mwaka 2006 akawa mjinga 2012. Mtihani ulibadilika, watahiniwa walibadilika, na walimu waligawanywa kwa wanafunzi wengi zaidi.

Sasa tuje kwenye shule zenyewe tunazobishania. Jiji limekua: sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao 273,000, ya 2022 zaidi ya 393,000. Ukuaji huo uko pembezoni, Kange, Maweni, Pongwe na kwingineko, ambako viwanja vinapatikana. Katikati ya mji nyumba zimekuwa maduka, ofisi na nyumba za wageni. Pembezoni darasa moja linabeba watoto ambao zamani wangejaza matatu, na katikati kuna vyumba vyenye nafasi. Mtu akipita barabarani akaona uwanja mtulivu na watoto wachache, anasema hapa hakuna tatizo. Tatizo lipo, na ni la hesabu.

Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji ya shule ya msingi imehesabiwa kwa kichwa: shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo 4,000 hutengwa kwa vitabu na 6,000 ndizo hufika shuleni. Chukueni shule yenye wanafunzi 240. Inapata shilingi 1,440,000 kwa mwaka mzima, yaani 120,000 kwa mwezi. Shule ya pembezoni yenye wanafunzi 1,500 inapata shilingi 9,000,000. Haziitoshi nayo, tunajua. Lakini paa la mawe na mbao za zamani linavuja sawasawa likiwa juu ya watoto 20 au 80, mlinzi halipwi kwa kichwa, na bomba la choo lililopasuka halimuulizi fundi idadi ya wanafunzi. Majengo ya katikati ya mji ni makubwa na ya kale, na yako karibu na bahari, ambako chumvi hula nondo. Shule ndogo inatunza nyumba ya tajiri kwa mfuko wa maskini.

Hesabu ya pili ni ya matokeo. Shule yenye watahiniwa 25 kila mtoto wake ni asilimia 4. Wakiugua wawili wiki ya mtihani na wawili wengine wakahama na wazazi mwezi wa saba, shule imepoteza asilimia 16, na kikundi cha simu kitasema mwalimu mkuu hafai. Mwaka unaofuata wakija watoto wanne waliofundishwa vizuri kwingine, yule yule mwalimu atakuwa shujaa. Baraza la Mitihani lenyewe lilitambua jambo hili zamani. Lilikuwa likizitenga shule zenye watahiniwa chini ya 40 na zile zenye 40 na zaidi. Na Januari 2023, lilipotoa matokeo ya kidato cha nne, lilitangaza kuacha kutaja shule na wanafunzi bora. Wengine walinung'unika. Sisi tulishukuru.

Ndiyo maana tumewaomba walimu wakuu watusaidie kuisoma rejista kabla ya kuisoma karatasi ya matokeo. Tunachotaka kukijua si siri za mtoto yeyote, tunataka picha ya shule. Wangapi walioanza darasa la kwanza hapa ndio waliofika darasa la saba hapa? Wangapi waliingia kwa uhamisho katikati ya mwaka? Wangapi wanaishi na bibi au shangazi kwa sababu wazazi wako Dar es Salaam au shambani? Wangapi wanasaidia genge alfajiri kabla ya kengele? Kuna kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu, na je, kina mwalimu wake? Watu husema Tanga ni waja leo waondoka leo, wakimaanisha raha. Katika rejista ya shule ya wapangaji msemo huo una maana nyingine: chumba kimepandishwa kodi, familia imehama, mtoto amebadilisha shule mara tatu kabla hajajua kuzidisha.

Mwanachama mmoja aliuliza kikaoni, kwa uchungu wa kweli, kama tunatafuta visingizio vya uvivu. Swali ni halali. Wapo walimu wanaochelewa na wapo wazazi wasiokanyaga shuleni hadi siku ya mahafali, na historia haiwasafishi. Shule mbili zenye watoto wa aina moja zikitofautiana sana, hapo mwalimu mkuu ana la kujibu, nasi tutamuuliza. Tunachokataa ni kuilinganisha shule ya wapangaji wa Ngamiani na shule inayofanya usaili wa kuingia, kisha kuipa fedha ile ya pili kama zawadi. Hivyo ndivyo ilivyofanywa mwaka 1892, na kulikuwa na sababu: serikali ilitaka makarani wachache. Sisi hatutafuti makarani wachache.

Kuhusu kuunganisha shule, hilo ni la Halmashauri, wala hatulipingi kila mahali. Tumeomba tu lisiamuliwe kwa asilimia za mwaka mmoja, na kabla ya kuamuliwa ipimwe njia atakayotembea mtoto wa darasa la awali, na barabara atakazovuka asubuhi magari ya mizigo yanapoelekea bandarini.

Fedha za harambee ya mwaka huu, kwa hiyo, zitakwenda kwenye mambo ambayo ruzuku ya kichwa haiyafikii. Uji na chakula cha mchana kwa darasa la 6 na la 7 katika shule ndogo za kata za katikati, kwa kuwa wazazi wa huko wanatoka alfajiri na hawarudi mchana. Matengenezo ya mapaa na matundu ya choo, kuanzia ya wasichana. Posho ya walimu wanaokubali kubaki saa moja na nusu jioni na wanafunzi waliohamia kutoka shule nyingine, masomo yakiwa kusoma, kuandika na hesabu, na ratiba ikipangwa ili isigongane na madrasa. Na safari hii kitabu cha Kiingereza cha kumwandaa anayekwenda kidato cha kwanza, maana mtoto aliyesoma miaka 7 kwa Kiswahili anakutana na fizikia kwa lugha nyingine Januari, na hapo ndipo wengi wetu tulipojikwaa.

Mtoto hatarudishwa nyumbani kwa kukosa mchango. Waraka wa serikali unakataza, na hata usingekataza tusingekubali. Wazazi watakaopenda kusaidia kuni, maji au kukoroga uji watajiandikisha kwa kamati ya shule. Wanachama walioko nje wanaweza kutuma ahadi zao kwa mweka hazina kabla ya siku ya harambee, wakitaja kama fungu lao ni la chakula, la majengo au la masomo ya jioni. Asiyetaja, fungu lake litaingia kwenye chakula. Taarifa ya matumizi ya mwaka uliopita imebandikwa mlangoni, pamoja na risiti za mabati.